Mlima Meru ndani ya kompyuta ya shule

Mtoto wa Sakina, Ngarenaro au Unga Limited anauona Mlima Meru karibu kila asubuhi mawingu yanaporuhusu. Anaujua kwa umbo lake: pembetatu, kilele kimoja, miteremko iliyonyooka. Ukimwambia auchore, atauchora hivyo hivyo. Kumbe upande wa pili mlima huo hauna ukuta. Yapata miaka 8,000 iliyopita, kwa makadirio ya wanajiolojia, ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukamwaga mawe na tope hadi kwenye tambarare inayoelekea Kilimanjaro na kuacha shimo kubwa lililo wazi kwa upande mmoja. Maziwa ya Momella yamekaa juu ya mabaki ya poromoko hilo. Ndani ya shimo kumeota kilima kingine cha majivu, na mara ya mwisho mlima huu kulipuka ilikuwa mwaka 1910. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kutoka mjini.

Mwanafunzi huyo huyo akifika sekondari anafundishwa volkano kwa mchoro wa kitabuni. Safari ya kimasomo kwenda Hifadhi ya Taifa Arusha inataka basi, chakula, kiingilio na ruhusa ya wazazi, na shule nyingi za kata hazina fungu la kuyabeba hayo. Kwa hiyo kijana anamaliza kidato cha nne akiwa amekariri sehemu za volkano kwa Kiingereza, huku volkano yenyewe ikiwa dirishani, na hajui kwamba nusu yake haipo.

Hapo ndipo ninapoiona nafasi ya kitu ambacho shule zetu bado zinakitazama kama mchezo wa watoto: ulimwengu pepe. Maana yake ni mahali palipojengwa ndani ya kompyuta, penye ardhi, maji, nyumba na watu, ambapo wanafunzi kadhaa wanaingia kwa wakati mmoja, kila mmoja na umbo lake, wakatembea, wakazungumza, wakajenga na kubomoa. Filamu unaitazama tu. Humu unaamua mwenyewe uelekee wapi, na ukikosea njia unapotea. Vijana wa mjini wanaujua vizuri mtindo huu kwa sababu ya gemu za kwenye simu za wazazi wao na vibanda vya pleisteshini mitaani. Shule ndiyo iliyobaki nje.

Ninachokisema ni hiki: Arusha isisubiri kuletewa dunia hizo kutoka ng'ambo zikiwa zimeshakamilika. Ijenge ya kwake, juu ya mlima wake na maji yake, iiweke kwenye kompyuta iliyo ndani ya shule, na ufunguo abaki nao mwalimu.

Kazi yenyewe haitishi kama inavyosikika. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada mwinuko wa sehemu kubwa ya nchi kavu. Vipimo vile sasa vinapatikana bure kwa yeyote, na kila kipimo kinawakilisha mraba wa ardhi wenye upana wa mita 30 hivi. Meru yumo, pamoja na Momella, Ngurdoto na mabonde yote ya Themi na Nduruma. Kuna programu ya bure iitwayo Luanti, ambayo hadi mwaka 2024 ilijulikana kama Minetest, inayojenga dunia kwa vitofali vya mraba kama ile gemu maarufu ya Minecraft. Mtu yeyote anaruhusiwa kuibadilisha na kuigawa, na inaendeshwa kwenye kompyuta za kawaida zilizounganishwa kwa waya ndani ya chumba kimoja bila hata tone la intaneti.

Sasa chukua kitofali kimoja kiwe mita 30. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, kilele cha Meru ni mita 4,562. Tofauti ni kama mita 3,160, yaani vitofali 105. Kutoka mjini hadi Momella kwa mstari ulionyooka ni kilomita 30 hivi, yaani vitofali 1,000. Mwanafunzi anayetembea ndani ya dunia hiyo anavuka mlima mzima kwa dakika chache, na kipindi cha dakika 40 kinatosha kwenda, kushangaa, kubishana na kurudi.

Hesabu hiyo yenyewe ni somo. Kabla hawajagusa kompyuta, wanafunzi wapewe ramani ya kontua na wajenge sehemu ya mlima wenyewe, kundi moja likishika upande wa Arusha, jingine upande wa Momella. Kontua ni mada inayowatesa wanafunzi wengi wa Jiografia. Mistari imebanana, mistari imeachana, na mwalimu anasema hapa ni mteremko mkali na pale ni wa wastani. Mtoto anaandika bila kuona. Akiambiwa aijenge mwenyewe kwa vitofali, ataona kwamba mistari ilipobanana amelazimika kupanda vitofali vinne kwa hatua moja, na ilipoachana ametembea bila kupanda. Kundi la Momella litafika mahali ambapo mistari inagusana na kugeuka, ukuta unashuka ghafla mamia ya mita, na hapo ndipo litauliza huu mlima umekula nini. Swali hilo likitoka kwa mwanafunzi, kazi ya mwalimu imeshafika nusu.

Upande wa kusini na kusini-mashariki watapanda wakipita migomba na kahawa, kisha msitu mnene, kisha vichaka vya baridi, kisha mawe na majivu matupu. Upande wa kaskazini, Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, watakuta ukame. Mwalimu awaulize upepo wenye mvua unatoka wapi. Kivuli cha mvua kinaeleweka haraka ukiwa umesimama kileleni na kutazama pande zote mbili.

Kwa nini meno yana rangi hiyo

Lakini mlima ni mwanzo tu. Somo zito zaidi ambalo Meru anaweza kulifundisha liko kwenye maji yake.

Anayekulia Arumeru anajua habari ya meno ya kahawia. Wapo wanaocheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja. Katika baadhi ya vijiji wamekuwepo pia watoto wenye miguu iliyopinda, na zamani ndugu walisema ni kurogwa, wengine wakasema ni asili ya ukoo. Chanzo ni madini ya floraidi. Miamba ya volkano ya Meru imejaa madini hayo, maji yanapopita ndani yake yanayayeyusha, na yanapofika bombani au kisimani yamebeba kiasi kikubwa mno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu maeneo mengi hayakuwa na namna nyingine, kabla ya kushusha kiwango hadi 1.5. Katika maziwa ya Momella vipimo vinafika mamia. Tena chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana, na hapo ndipo fumbo lilipo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chris Dede na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walitengeneza dunia ya kompyuta waliyoiita River City. Ulikuwa mji wa Marekani wa karne ya 19 ambao wakazi wake wanaugua na hawajui kwa nini. Wanafunzi waliingia kwa makundi, wakatembea mitaani, wakaongea na wakazi, wakachota maji sehemu mbalimbali na kuyapima. Magonjwa yalikuwa ya aina tatu, moja la maji, moja la wadudu, moja la hewa, na dalili zake zilichanganyika. Hapakuwa na jibu lililoandikwa mwisho wa kitabu. Kila kundi lilijitungia wazo lake, likalifanyia jaribio, kisha mwanafunzi akaandika barua kwa meya wa mji kueleza alichogundua na nini kifanyike. Watafiti wale waliandika kwamba hata wanafunzi waliokuwa wamekata tamaa na masomo walijikuta wanafanya kazi ya sayansi kwa moyo.

Nikisoma habari za River City, ninachokiona ni Maji ya Chai, kule Arumeru.

Tuijenge hivi. Kijiji cha kubuni kwenye mteremko wa mashariki wa Meru, chenye chemchemi mbili, kisima kimoja, mto wenye maji ya rangi ya chai, shule, zahanati na soko. Mwanafunzi anaingia kama mgeni aliyetumwa kuchunguza. Anakutana na mama mwenye nyumba, anamuuliza anachota maji wapi. Anakutana na fundi, na mzee anayechunga. Na anakutana na mwalimu wa kijiji, aliyehamia kutoka Mtwara akiwa na miaka 30, ambaye ana meno meupe kabisa ingawa amekunywa maji yale yale kwa miaka 15. Watoto wake waliozaliwa pale wana meno ya kahawia.

Hapo kundi zima litakwama, na likwame. Maji yakiwa mabaya, mbona mwalimu amepona? Wanafunzi watasema labda ni ukoo, labda anatumia dawa nzuri ya meno, labda ana kisima chake. Wataenda kukagua kila dai. Jibu ni kwamba floraidi hulichafua jino la kudumu lingali linaumbika ndani ya ufizi, utotoni, hadi umri wa miaka minane hivi. Jino likishatoka salama, halibadiliki rangi kwa namna hiyo. Mwanafunzi aliyelipata jibu hilo kwa kuuliza nyumba kwa nyumba hatalisahau, na atakuwa amejifunza jambo kubwa kuliko floraidi: kwamba mtu mmoja asiyefuata kanuni anaweza kuwa ndiye anayeonyesha kanuni yenyewe.

Kuna mitego mingine ya kuweka. Mama mmoja anasema yeye hana wasiwasi kwa sababu anachemsha maji. Mwanafunzi apime kabla na baada, aone kwamba kuchemsha kunaua vimelea lakini floraidi inabaki pale pale, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Nyumba nyingine inatumia maji ya chemchemi nzuri lakini mtoto ana madoa. Nenda jikoni: wanalainisha maharage kwa magadi, na magadi ya ukanda huu yana floraidi yake. Hayo yote ni ya kweli, yamechunguzwa Arusha kwa miaka mingi, na bado mtu anaweza kusoma Kemia miaka minne mita chache kutoka kwenye chemchemi hizo bila kuyasikia darasani.

Kisha waje kwenye tiba. Chini ya Wizara ya Maji kuna kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinachoshughulikia uondoaji wa floraidi, na njia yake inayojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye tanuru, inasagwa, inapangwa kwenye chujio, maji yanapitishwa, na floraidi inanaswa. Ndani ya kijiji chetu cha kompyuta mwanafunzi apewe tanuru. Akichoma kwa joto dogo, mkaa unaacha harufu na maji yanageuka rangi. Akizidisha moto, mfupa unakuwa mweupe na nguvu ya kunasa inapungua. Akipatia, unatoka mweusi au wa kijivu, na maji yanakuwa salama, lakini baada ya muda chujio linajaa na linaacha kunasa bila kuonyesha dalili yoyote machoni. Nani atakumbuka kubadilisha? Nani atalipia? Swali la kemia limegeuka kuwa swali la uongozi wa kijiji, na ndivyo lilivyo huko nje kweli. Barua ya mwisho aandikiwe mwenyekiti wa kijiji, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja.

Wataalamu wa kuijenga dunia hiyo hawako mbali. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru, na floraidi ni moja ya mambo ambayo wanasayansi wake wanayafanyia kazi. Ni pale alipofundisha Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa mkoa huu, ambaye chujio lake la maji lilishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Taasisi hiyo ina pia watu wa kompyuta. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili akipewa kazi hii kama utafiti wake, na mwalimu mmoja wa Kemia wa Usa River akakaa naye bega kwa bega, kijiji kinajengeka.

Miwani na wenye dunia zao

Watu wakisikia habari hizi wanafikiria miwani ya kuvaa usoni. Mimi sioni haja nayo kwa sasa. Ni ghali, inavaliwa na mmoja huku wengine 50 wakingoja, na ushahidi wake haujanishawishi. Mwaka 2019 Guido Makransky wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi wa chuo waliotumia maabara ya kidijitali kwa miwani na kwa kioo cha kompyuta cha kawaida. Wa miwani walijihisi wako ndani ya maabara zaidi, ila walijifunza kidogo kuliko wenzao. Macho yalikuwa na mengi ya kushangaa.

Jambo linalonipa hofu zaidi ni nani anamiliki dunia hizo. Second Life, iliyoanza mwaka 2003, iliwavutia vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani, vikanunua ardhi ya kidijitali na kujenga madarasa humo. Mwaka 2010 kampuni ikatangaza kufuta punguzo la nusu bei ililokuwa ikitoa kwa taasisi za elimu. Google ilikuwa na Expeditions, iliyowapeleka wanafunzi duniani kote kwa simu na kiboksi cha karatasi. Ilifungwa mwaka 2021. AltspaceVR ya Microsoft ilizimwa Machi 2023. Mwalimu aliyeandaa masomo ya mwaka mzima ndani ya dunia hizo aliamka akakuta bei imepanda au milango imefungwa. Kama hayo yanawapata wenye fedha, shule ya kata yenye kompyuta 15 za msaada itasimama wapi? Ndiyo maana nasisitiza programu isiyo na mwenyewe mmoja, iliyowekwa kwenye kompyuta ya shule, yenye nakala kwenye flashi tatu, moja ikikaa kwa mkuu wa shule.

Kutotegemea intaneti kuna faida nyingine ambayo wazazi wataielewa mara moja. Dunia kubwa za mtandaoni zina watu wasiojulikana ndani yake, wakubwa kwa wadogo, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuzungumza na mtu mzima anayejifanya mtoto. Dunia iliyo ndani ya chumba cha kompyuta haina mgeni. Kila umbo linalotembea humo lina jina kwenye rejista, na mwalimu anaona kila lililoandikwa.

Hatuanzi kutoka sifuri katika Afrika Mashariki. Mwaka 2012 UN-Habitat, lenye makao yake Nairobi, liliungana na kampuni ya Mojang kuanzisha mpango wa Block by Block, ambapo wakazi wanatumia Minecraft kusanifu maeneo yao ya wazi. Uwanja wa Silanga, Kibera, ulipita njia hiyo: vijana ambao hawajawahi kushika ramani ya mhandisi walijenga kwa vitofali uwanja wanaoutaka, kisha ukajengwa kweli. Hapa kwetu, Tanga, kuanzia mwishoni mwa 2017 karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walipewa tabuleti zenye programu za Kiswahili katika shindano la Global Learning XPRIZE. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma kabisa ilipungua kwa nusu. Kitkit School na onebillion ziligawana ushindi wa dola milioni 10 mwezi Mei 2019. Tuheshimu matokeo hayo kwa ukubwa wake halisi: nusu nyingine ilibaki vile vile, na zile zilikuwa programu za kusoma na kuhesabu peke yako. Kufikiri pamoja kunahitaji mwalimu.

Arusha nayo ina historia fupi ya kulifungulia darasa dirisha la mbali. Novemba 2008, kwa saa 48, watu waliotumia Twitter walichanga zaidi ya dola 10,000 kujenga darasa katika Shepherds Junior, shule iliyoanzishwa na Mama Lucy Kamptoni, aliyewahi kufuga na kuuza kuku. Baadaye watoto wa shule hiyo wakaanza kuandikiana na watu wa ng'ambo kwa njia hiyo hiyo. Karatu, asasi ya Powering Potential imefunga kompyuta zinazotumia umeme wa jua katika shule za sekondari, zikiwa na maktaba nzima isiyohitaji bando. Chumba cha namna hiyo ndicho ninachokitaja tangu mwanzo. Kipo. Kinachokosekana ni kitu cha kufanya humo zaidi ya kujifunza kuandika kwa Word.

Anachoogopa mwalimu

Mwalimu ana maswali yake, na nayaona ya haki. La kwanza ni muda. Mada ni nyingi, mtihani uko mlangoni, na mwanafunzi akishaingia kwenye gemu hataki kutoka. Ndiyo maana mimi nasema kazi mbili kwa mwaka, mlima na maji, basi. Wiki tatu kila moja, vipindi viwili kwa wiki, na kati ya kila kipindi cha kompyuta kiwepo kimoja cha daftari na ubao. Wanafunzi 60 kwa kompyuta 20 ni watatu watatu: mmoja anashika panya, mmoja anasoma ramani, mmoja anaandika, na kila baada ya dakika 13 wanabadilishana. Mtoto aliyezoea gemu asiruhusiwe kuwa wa kwanza kushika panya. Nashikilia sana kanuni hii, kwa sababu bila hiyo wavulana wawili waliozoea vibanda vya pleisteshini watajenga mlima wote na wasichana watabaki kutazama migongo yao.

Umeme ukikatika? Utakatika. Somo liwe na karatasi zake tayari.

La pili lina uzito zaidi. Mwaka 2014 na 2015 wananchi walichangishwa nchi nzima kujenga maabara za Fizikia, Kemia na Baiolojia katika shule za kata. Majengo mengi yalisimama, vifaa vikachelewa. Kuna hatari mtu aje kusema: kwa kuwa tuna maabara ya kwenye kompyuta, kemikali za nini? Hilo tulikatae kabla halijasemwa. Kijana aliyechoma mfupa kwenye kompyuta anatakiwa baadaye auchome kweli kwenye debe nyuma ya darasa, asikie harufu yake, aungue kidole kidogo kama ni lazima. Pale Twende, kituo cha ubunifu cha Arusha alichokianzisha Bernard Kiwia pamoja na wenzake, vijana wanatengeneza vifaa kwa vyuma na vipuri vya baiskeli. Kundi lililomaliza kijiji cha maji lipelekwe huko au kwa fundi yeyote wa mtaani, litengeneze chujio moja linalofanya kazi. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri na kazi za mikono. Hapa ndipo pa kuupima.

Na jinsi ya kujua kama somo limeingia ni rahisi. Siku ya mwisho, kompyuta zizimwe, kila mwanafunzi apewe karatasi nyeupe achore Meru akiwa amesimama Momella, kisha aeleze kwa maneno yake kwa nini mwalimu wa kutoka Mtwara ana meno meupe. Anayeweza, ameelewa. Asiyeweza, alikuwa anacheza.

Historia nimeiacha mwisho kwa sababu naiogopa na naitaka kwa pamoja. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, yaani Ngarenanyuki ya leo, ili ardhi yao wapewe walowezi wafugaji. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kuidai ardhi hiyo, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Ni moja ya kesi zilizowafungua macho Watanganyika kuhusu utawala wa wageni, na inastahili kujengwa: maboma, mifereji, kanisa, njia ya kushukia Kingori walikotakiwa kuhamia.

Ila isijengwe kama gemu. Sitaki kuona mtoto akibonyeza kitufe kuichoma nyumba ya bibi yake ili apate alama. Dunia hiyo iwe ya kutembea na kusikiliza. Mwanafunzi aingie kwenye boma, asogee karibu na mti, na asikie sauti ya mtu aliyekuwepo akieleza mahali ng'ombe walipolala na nani alikuwa jirani. Sauti ya kweli, kwa Kimeru au Kiswahili, iliyorekodiwa na wanafunzi wenyewe kwa heshima na kwa ridhaa ya familia. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile sasa amepita miaka 80. Kompyuta zinaweza kungoja bajeti ya mwakani. Shule ya Ngarenanyuki au Leguruki inayotaka kuanza ianze likizo hii, kwa simu moja ya mwalimu yenye kinasa sauti, na iende kwanza kwa wale ambao afya zao zimeanza kuzorota.